Meya Tusiyempigia Kura

Tarehe 22 Machi 2016, katika ukumbi wa Karimjee, Isaya Mwita, diwani wa kata ya Vijibweni kupitia CHADEMA, alichaguliwa kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam kwa kura 84 dhidi ya kura 67 za Omary Yusuph Yenga wa CCM. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu watu 4,364,541 katika jiji hilo. Kura hizo 84 zilitosha kisheria, kwa kuwa ndivyo meya anavyopatikana Tanzania Bara: huchaguliwa na madiwani wenzake, wala mkazi wa kawaida hana nafasi katika kura hiyo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini mambo makubwa yanayoipata halmashauri ya jiji letu, hata lile la kufutwa kwake, hupita bila wakazi kushtuka, na jibu ninaloliona linaanzia hapo. Meya hatujawahi kumpigia kura, kwa hiyo anapoondoka, kwa njia yoyote ile, hatuoni kwamba tumenyang'anywa kitu kilichokuwa chetu.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu nimekutana na watu wengi, wakiwemo waliosoma sana, wasioujua. Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hukabidhiwa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Karatasi ya tatu ndiyo inayomhusu meya, ingawa jina la meya halimo. Mgombea udiwani sharti awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama cha siasa, maana mgombea binafsi haruhusiwi. Akishashinda katika kata yake anaingia kwenye baraza la madiwani pamoja na madiwani wanawake wa viti maalumu, ambao huteuliwa kupitia vyama kwa uwiano, na pamoja na wabunge wa eneo hilo, ambao nao ni wajumbe halali wa baraza. Katika mkutano wa kwanza baada ya uchaguzi mkuu madiwani hula kiapo, kisha humchagua meya miongoni mwao kwa kura ya siri. Meya hukaa miaka mitano, ilhali naibu wake huchaguliwa upya kila mwaka.

Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Katika maisha halisi, kazi kubwa huwa imekwisha kabla ya mkutano huo kuitishwa. Chama chenye madiwani wengi hukaa kwanza chenyewe, wanaotaka umeya huchukua fomu za chama, vikao vya juu huyapitia majina na kukata baadhi, kisha madiwani wa chama hicho huwapigia kura waliobaki. Anayeshinda humo ndani ndiye anayepelekwa ukumbini. Pale ambapo chama kimoja kina karibu viti vyote, kama ilivyokuwa katika halmashauri zote za Dar es Salaam baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, kura ya baraza hubaki kuwa ya kuthibitisha tu jambo ambalo watu wachache wameshaliamua faraghani. Sisemi kwamba vyama vinakosea kupanga mambo yao. Ninachosema ni kwamba mkazi ambaye hana kadi ya chama hicho hana mahali popote, katika safari yote hiyo, anapoweza kusema kuwa anamtaka fulani awe meya kuliko fulani.

Na hapa ndipo ninapoona upungufu usio na maelezo. Mwenyekiti wa mtaa, kiongozi anayeandika barua ya utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa uzio, anachaguliwa moja kwa moja na kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Tulifanya hivyo Desemba 2014, Novemba 2019 na Novemba 2024. Diwani anachaguliwa moja kwa moja, mbunge vilevile, na Rais wa nchi nzima vilevile. Katika ngazi zote hizo tunaaminiwa kuchagua, isipokuwa kwa mtu anayeongoza baraza linalopitisha bajeti ya zahanati zetu, shule za msingi za watoto wetu, masoko yetu na uzoaji wa taka zetu. Sijawahi kusikia hoja inayoeleza kwa nini mtu mwenye akili ya kumchagua Rais akose akili ya kumchagua meya.

Tukiangalia nyuma tunaona gharama ya jambo hili. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na kuelekea uhuru ikapata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, na ambaye jina lake wengi wanalijua leo kupitia uwanja wa mpira wa Arusha. Mara tu baada ya uhuru wa Desemba 1961 mji ukapandishwa kuwa jiji. Tangu hapo baraza la jiji hili limeondolewa mara tatu, na mara zote tatu mkazi hakuulizwa.

Mara ya kwanza ilikuwa 1972, wakati serikali ilipozifuta serikali za mitaa nchi nzima na kuleta utaratibu uliojulikana kama madaraka mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi, lakini walioletwa karibu walikuwa maofisa wa serikali kuu, na miji ikaachwa bila chombo chake. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanaikumbuka hali iliyofuata: mitaro iliyoziba, taka zisizozolewa, barabara zilizochimbika, na kipindupindu kilichozuka katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya sabini. Mwaka 1978 serikali ikalazimika kurudisha mabaraza ya miji kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili, ikiwemo Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa halmashauri za miji, manispaa na majiji. Mimi hulitumia somo hilo la 1972 hadi 1978 kila ninaposikia mtu akisema madiwani hawana kazi. Tulijaribu kuishi bila madiwani, na matokeo yake yalionekana hospitalini.

Baraza lililorudi halikuwa zuri. Ninaishi Tabata, na wazee wa hapa bado wanalizungumzia dampo ambalo halmashauri ya jiji ililiweka katikati ya makazi yao, na moshi wake uliokuwa ukiingia ndani ya nyumba usiku. Waliandika barua, walituma wajumbe, hawakusikilizwa. Mwishowe walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama ikawapa haki na kukataa ombi la halmashauri la kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka pale. Baadaye taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walifungua kesi, na mwaka 1991 wakashinda. Kesi hizo mbili husomwa na wanafunzi wa sheria kama ushindi wa haki ya mazingira, na kweli ni ushindi. Mimi huzisoma pia kama ushahidi wa jinsi sanduku la kura la jiji lilivyokuwa dhaifu: watu walioathirika na uamuzi wa halmashauri yao waliona ni rahisi zaidi kumpata jaji kuliko kumwajibisha anayeiongoza.

Mara ya pili ilikuwa Juni 1996. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza la jiji na kuteua Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Ni haki kusema kwamba tume ile ilifanya kazi, na kuna watu wengi, hasa wafanyabiashara wa katikati ya mji, wanaoikumbuka kwa wema: barabara zilizibwa viraka, makampuni binafsi yakaanza kuzoa taka, mapato yakaongezeka. Mwaka 2000 Keenja mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Ubungo. Wapo wanaotumia mfano huo kudai kwamba wateule ni bora kuliko wachaguliwa. Ninauona ugumu wa kuwajibu, kwa sababu baraza lililovunjwa lilikuwa limewachosha watu kweli. Hata hivyo tume ile ilifanya kazi kwa sababu wakubwa waliokuwa juu yake walitaka ifanye kazi, na siku wangeacha kutaka, mkazi wa Manzese asingekuwa na la kufanya. Miaka karibu minne jiji kubwa kuliko yote nchini lilikaa bila diwani hata mmoja. Mapema mwaka 2000 tume ikafikia mwisho, zikaundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji yenye meya wake.

Muundo huo wa ghorofa mbili ndio uliozaa mambo ya 2016. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vilichukua majimbo sita kati ya kumi ya Dar es Salaam na kupata madiwani wa kutosha kuongoza manispaa za Kinondoni na Ilala. Ilionekana wazi kwamba na meya wa jiji angetoka upande huo. Uchaguzi wake ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, huku mabishano makubwa yakiwa juu ya orodha ya wapiga kura: nani ni mjumbe halali, na mbunge wa viti maalumu anahesabiwa katika halmashauri ipi. Tarehe 27 Februari wajumbe walifika Karimjee wakatangaziwa kwamba kuna zuio la mahakama, na ukumbi ukageuka kuwa mahali pa kusukumana. Nakumbuka jinsi tulivyofuatilia habari hizo kwenye redio na simu, tukihesabu wajumbe wa kila upande. Tulikuwa tukihesabu vichwa vya watu wengine. Laiti meya angekuwa anachaguliwa na wakazi, siku ya tarehe 25 Oktoba 2015 ingetosha, na hakuna orodha ya wajumbe ambayo ingegombaniwa kwa miezi mitano.

Yaliyofuata yalionyesha kwamba wingi wa aina hiyo haudumu. Mwaka huohuo wa 2016 Kinondoni iligawanywa ikazaliwa Ubungo, na Temeke ikagawanywa ikazaliwa Kigamboni, na kwa kugawanya mipaka hesabu za mabaraza zikabadilika. Kinondoni iliyobaki ikapata meya wa CCM. Kuanzia 2017 likaja wimbi la madiwani na wabunge wa upinzani kuhamia chama tawala, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Kila aliyehama alipoteza kiti na uchaguzi mdogo ukaitishwa, na mara nyingi yeye mwenyewe akarudi kugombea kwa jezi mpya. Januari 2020 wajumbe wa Halmashauri ya Jiji walikutana tena Karimjee kumwondoa Mwita kwa kura ya kutokuwa na imani naye, na ugomvi ukahamia kwenye akidi, kama theluthi mbili ya wajumbe ilitimia au haikutimia. Yeye akaenda mahakamani, lakini kiti hakurudishiwa. Katika mabishano yote hayo juu ya saini za wajumbe, hakuna aliyesema kwamba tungeweza kuwauliza wakazi, kwa sababu kisheria wakazi hawakuwa sehemu ya jambo hilo.

Mara ya tatu ilikuwa Februari 2021. Katika uzinduzi wa barabara za juu za Ubungo, Rais John Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Hoja iliyotolewa ilikuwa nzito: halmashauri ile ilielea juu ya manispaa tano, haikuwa na eneo lake wala wananchi wake, na fedha zake zilitokana na manispaa hizo. Ninakubali kwamba ghorofa ile ya pili ilikuwa na kasoro. Lakini tazama matokeo yake. Leo Jiji la Dar es Salaam, kwa maana ya sheria, ni Ilala peke yake. Mtu wa Magomeni, wa Mbagala, wa Kimara au wa Kigamboni anasema anaishi Dar es Salaam, na anaishi katika mkoa huo kweli, ila hayumo katika jiji lenye jina hilo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa, na kati yao ni 1,649,912 tu walio ndani ya mipaka ya jiji. Hakuna tena baraza moja lililochaguliwa ambalo linakaa na kutazama mji mzima kwa pamoja, wakati mto Msimbazi, foleni, mafuriko na taka havijui mpaka wa Ilala na Kinondoni. Anayeuona mji mzima sasa ni Mkuu wa Mkoa, na huyo ni mteule wa Rais.

Nilisubiri kuona watu watasema nini wiki ile. Magazeti yaliandika, wanasiasa wachache walilalamika, na mtaani kwetu maisha yakaendelea kama kawaida. Sikuwalaumu majirani zangu, maana wangemlilia meya ambaye hawakumchagua kwa sababu gani?

Kuna jambo la pili linaloendana na hili, na bila kulisema nitakuwa nimetoa picha nusu. Meya wetu, hata angechaguliwa na malaika, hana mengi mikononi. Mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, naye ndiye afisa masuuli anayeidhinisha malipo na ndiye mwajiri wa watumishi kwa niaba ya halmashauri. Meya anaongoza vikao vya baraza, ambavyo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na anaongoza Kamati ya Fedha, ambayo hukutana kila mwezi na ndiyo yenye nguvu kuliko kamati zote. Barabara za mitaa zilikuwa za halmashauri hadi 2017, zilipokabidhiwa kwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini. Maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji. Mabasi ya mwendokasi yako chini ya wakala wa serikali kuu. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo uti wa mgongo wa mji, ilipelekwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Kila mwanzo wa mwezi namba za umeme zinapoingia kwenye simu yangu ninaiona hela hiyo imepungua, na ninajua kwamba haikupita mezani kwa diwani wangu.

Kilichobaki kwa halmashauri si kidogo kwa maisha ya mtu wa chini, hata hivyo. Zahanati, vituo vya afya, shule, masoko, vibali vya ujenzi, leseni za biashara, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, usafi wa mazingira, na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya matatizo ya urejeshaji na usimamizi, kisha ikarudi kwa utaratibu mpya mwaka uliofuata. Mama mmoja wa mtaani kwetu anayepika vitumbua alisubiri muda wote huo na kikundi chake, akiwa na katiba yao waliyoiandika kwa mkono na akaunti waliyoifungua kwa michango yao. Alimfuata mtendaji wa mtaa, akamfuata afisa maendeleo ya jamii, hata nilipomuuliza kama amemfuata diwani alinitazama kwa mshangao. Hakuwa akijua kwamba fungu lile hupitishwa na baraza la madiwani.

Niliwahi kukaa katika kikao cha baraza, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo walau mara moja, kwa sababu mikutano ya kawaida ya baraza iko wazi kwa wananchi. Madiwani huingia na majoho yao, meya akiwa na mkufu wake, na mkurugenzi hukaa pembeni yake kama katibu wa kikao. Kila diwani ana kabrasha nene mbele yake. Viti vya nyuma, vilivyowekwa kwa ajili ya wananchi, vilikuwa na waandishi wa habari, watumishi wa halmashauri waliosubiri kuitwa kujibu hoja, na sisi wachache. Diwani mmoja alisimama akaeleza kwamba gari la taka halijafika katika kata yake kwa wiki tatu, kwamba mkandarasi anakusanya ada nyumba kwa nyumba na kutoa risiti, na kwamba vijana wa guta wanalipwa na wenye nyumba kwa mara ya pili kuzibeba taka zilezile na kwenda kuzimwaga korongoni, nazo mvua ikinyesha zinateremka Msimbazi hadi Jangwani. Alizungumza vizuri, kwa uchungu na kwa ushahidi wa picha alizozichapisha kwenye karatasi. Ofisa akajibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Meya akauliza kama diwani ameridhika. Diwani akasema hajaridhika, akakaa. Ajenda ikaendelea. Nilitazama uso wa meya wakati ule, na sikuona mtu mbaya. Nilimwona mwenyekiti wa kikao, ambaye cheo chake hakimtegemei yule mwenye taka mlangoni, na ambaye hata angetaka kumfukuza mkandarasi siku ile, kalamu ya kufanya hivyo ilikuwa ya mtu aliyekaa pembeni yake.

Kwa hiyo ninapotaka meya achaguliwe na wakazi, ninataka pia apewe kitu cha kufanya. Majirani zetu wametuonyesha kwamba kimoja bila kingine hakitoshi. Kampala inamchagua Meya wake kwa kura ya wakazi wote, na Erias Lukwago alishinda mwaka 2011, akashinda tena 2016 na 2021. Lakini sheria ya jiji hilo ilikuwa imempa madaraka ya utendaji Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na miaka ya Lukwago na mkurugenzi wa kwanza, Jennifer Musisi, ilikuwa miaka ya mvutano usiokwisha, hadi madiwani wakapiga kura ya kumwondoa mwaka 2013. Wakazi walimchagua mtu, wakagundua kwamba fedha na watumishi viko kwa mtu mwingine. Nairobi nako, ambako hadi uchaguzi wa 2013 meya alikuwa akichaguliwa na madiwani kama kwetu, katiba ya 2010 ilileta gavana anayechaguliwa moja kwa moja, mwenye bajeti na baraza lake la utendaji. Evans Kidero akawa wa kwanza. Sitadai kwamba Nairobi imekuwa safi kwa sababu hiyo; gavana wa pili, Mike Sonko, aling'olewa kwa kura ya kumwondoa madarakani Desemba 2020, baada ya kukabidhi sehemu ya kazi za kaunti kwa serikali kuu. Lakini mwaka 2022 wakazi walipanga foleni na kuchagua mwingine. Waliamua wenyewe nani awaongoze, na atakapowachosha wanajua siku watakayomhukumu.

Kwetu mabadiliko haya hayahitaji kusubiri katiba mpya, ingawa ningefurahi kuiona. Ibara ya 146 ya Katiba tuliyonayo inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na namna ya kumpata meya imo katika sheria za kawaida zinazoweza kurekebishwa na Bunge. Ningeanza na majiji sita, yaani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Wakazi wampigie meya kura ya moja kwa moja. Meya awe na sauti rasmi katika kumpata mkurugenzi na kumwondoa. Kodi ya majengo irudi kwenye halmashauri, hata kama itaendelea kukusanywa kupitia LUKU. Na kwa Dar es Salaam ningeomba jambo moja zaidi, kwamba mji mzima uwe na meya mmoja, anayetoka nje kuomba kura kuanzia Bunju hadi Chanika na kuvuka Kigamboni.

Ninaandika haya nikijua tulipo. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa hakimo kwenye karatasi, na siku ile pamoja na zilizofuata zilikuwa za maandamano, vifo, intaneti iliyozimwa na amri ya kutotoka nje usiku hapa Dar es Salaam. Katika maombolezo ya namna hiyo, kumzungumzia diwani na meya kunaweza kuonekana jambo dogo. Mimi naliona ni lilelile. Mtu aliyezoeshwa tangu mtaani kwake kwamba baraza linaweza kuvunjwa, meya anaweza kuondolewa na mipaka inaweza kuchorwa upya bila yeye kuulizwa, hufika kwenye kura kubwa akiwa ameshaacha kuamini kwamba kura ni yake.

Hadi sheria ibadilike, njia pekee tuliyo nayo ya kumfikia meya inapita kwa diwani. Wagombea udiwani huja mitaani kwetu, hukaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, huahidi kalavati na taa za barabarani ambazo mara nyingi haziko tena chini ya halmashauri. Waulizwe badala yake wanayajua mapato ya ndani ya halmashauri yetu, wanataka kukaa kamati gani, mkandarasi wa taka wa kata hii ana mkataba wa mpaka lini. Na waulizwe hadharani, mbele ya majirani, kabla ya siku ya kura: mkishaapishwa, mtampigia nani kura ya umeya, na kwa sababu gani?